Mfungo Hauchaguliwi kwa Urefu

Wanangu, kila Januari mnaniuliza swali lilelile: mfungo upi una nguvu zaidi, wa siku 3, wa 7 au wa 21? Mnauliza kama mtu aliyefika duka la dawa kutafuta dozi. Mimi nawauliza kwanza: una jambo gani mbele za Mungu?

Esta aliomba Wayahudi wa Shushani wafunge siku 3, usiku na mchana, bila kula wala kunywa, kwa sababu taifa zima lilikuwa limeshaandikiwa kuangamizwa, naye anakwenda kwa mfalme bila kuitwa. Kanisa la Antiokia lilikuwa likifunga na kuabudu, likapata neno la kuwatuma Barnaba na Sauli. Danieli, katika sura ya 10, aliomboleza wiki tatu bila nyama, divai wala chakula kitamu, hakuacha kula. (Zile siku 10 za mboga na maji ni sura ya kwanza, na pale alikuwa anakwepa unajisi wa meza ya mfalme. Hata wahubiri huzichanganya.) Kila mmoja wao alisukumwa na jambo, siku zikafuata.

Huo wa Danieli ndio mnaoupenda, nami sina ugomvi nao. Ila nimewahi kukaribishwa kwenye meza ya "mfungo wa Danieli" yenye korosho, parachichi, ndizi za nazi na jagi la juisi ya embe. Nyama haikuwapo, ni kweli. Lakini nyumba ile siku za kawaida hula ugali na dagaa! Ukichagua mfungo huu, gharama ya chakula ishuke, usitafute utamu kwa mlango wa nyuma.

Kufunga kavu nako kuna sifa nyingi vijiweni kuliko kunavyostahili. Kama unaendesha bodaboda juani saa nane mchana, kunywa maji. Abiria uliyempakia hakufunga pamoja nawe. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wasiguse mfungo wowote wa kuacha chakula kabla ya kuongea na daktari, na asiwepo wa kuwaambia wana imani haba. Wenzetu Wakatoliki wamelipanga vizuri, nasema hivi nikiwa Mlutheri: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu wanapaswa kufunga walio kati ya miaka 18 na 59, mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo. Watoto na wazee wameachwa nje ya amri hiyo.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni siku moja kwa wiki, mwaka mzima. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale, unataja Jumatano na Ijumaa. John Wesley alizishika siku hizo alipokuwa kijana Oxford, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanazishika hadi leo bila nyama, maziwa wala mayai. Wewe chukua Ijumaa tu. Ruka chakula cha mchana, kunywa maji, saa ile ya kula iwe ya maombi. Jioni fungua kwa uji mwepesi au tunda, si kwa mishikaki. Siku 21 kila Januari, halafu kimya hadi Januari nyingine, sioni inavyomkuza mtu.

Ile hela ya wali maharage kwa mama ntilie usiifanye akiba. Isaya 58 inadai mkate umfikie mwenye njaa, na inawakaripia watu waliofunga huku wakiwaonea vibarua wao. Basi kama dada wa kazi hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita, mlipe kwanza, halafu ndiyo ufunge. Na wewe unayeshinda na njaa huku mkeka wa kubeti uko mfukoni, mfungo wako uanzie kwenye mkeka. Simu vilevile: wengine wanasema kuacha simu si kufunga, na kwa Kibiblia wana hoja, maana mfungo ni wa chakula. Lakini kuna kijana ambaye kukosa ugali hakumgusi, akikosa simu saa mbili anatetemeka. Huyo afunge vyote viwili.

Mwisho ni habari ya siri. Yesu alisema unawe uso na ujipake mafuta, watu wasijue. Vijana wengine wameichukua hii wakarudi nyumbani na kumwambia mama wameshiba, sahani inabaki mezani, mama anadhani ni wagonjwa au amewaudhi. Huo ni uongo. Aliyepika ana haki ya kujua. Mwambie asubuhi, kabla hajapima unga.