Mpinzani Wangu na Mungu Wake

Je, naweza kuiheshimu imani ya mtu huku nikikipinga chama chake? Kwetu Uganda swali hili ni la kale kuliko vyama vyenyewe.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakristo waliteketezwa kwa moto huko Namugongo. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Lakini Januari 1892, hata miaka sita haijatimia, wafuasi wa madhehebu hayohayo walipigana wao kwa wao kule Mengo. Makundi yao yaliitwa Wafaransa na Waingereza, ingawa wengi wao walikuwa Waganda. Dini ilikuwa imegeuzwa jina la upande katika kugombea madaraka.

Jina hilo halikufutika upesi. Tulipokuwa tukielekea uhuru wa 1962, chama cha DP kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki, na UPC cha Waprotestanti. Wenye mzaha walisema DP maana yake ni "Dini ya Papa".

Mzaha huo unachekesha, lakini mimi naona ndani yake dharau mbili. Ya kwanza inamlenga muumini, kana kwamba anaposali hamtafuti Mungu bali kura. Ya pili inamlenga raia, kana kwamba hakufikiri alipopiga kura, aliswagwa tu kutoka kanisani. Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa DP, alikuwa Mkatoliki. Alikuwa pia mwanasheria mwenye hoja zake kuhusu uhuru. Aliyemwita mtu wa Papa hakuhitaji tena kuzijibu hoja hizo.

Wenzangu darasani huuliza: wanasiasa wenyewe wakileta dini jukwaani, sisi tunyamaze? La. Heshima si utumwa. Kiongozi akitetea sheria kwa kusoma aya ya kitabu kitakatifu, nina haki ya kuuliza sheria hiyo itamtendeaje mtu asiye wa dini yake. Hapo ninajibu hoja. Lakini nikiicheka rozari yake au kanzu yake, nimeiacha hoja, na nimewatukana pia waumini wenzake ambao huenda wanapiga kura kama mimi.

Katiba yetu ya 1995 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na inakataza uanachama wa chama cha siasa kufuata dini. Ni sheria njema, ila haiwezi kuufunga ulimi. Ulimi tunapaswa kuufunga wenyewe, na mimi napendekeza kipimo kimoja. Kabla hatujaisema dini ya mpinzani, tujiulize: neno hili tungethubutu kulisema mbele ya mtu wa chama chetu aliye wa dini hiyohiyo? Kama tungeona aibu mbele yake, basi neno hilo halikuwa siasa hata kidogo. Lilikuwa dharau iliyovaa sare ya chama.