Konokono Hakuwa Akiambiwa

Je, unaweza kumdanganya kiumbe ambaye hata hukuwa unaongea naye?

Nauliza kwa sababu ya ngege. Yule unayemnunua pale Mamboleo, kama hajasafiri kutoka China (hiyo ni hasira ya siku nyingine), huenda amefugwa kwenye kizimba, na huenda ni dume. Wafugaji wanapenda madume kwa sababu jike huzaa mapema, bwawa linajaa vitoto, hakuna anayenenepa. Kwa hiyo vituo vingi hulisha vifaranga chakula chenye homoni, methiltestosteroni, kama miligramu 60 kwa kila kilo, wiki tatu hivi au nne, kabla jinsia haijakaa sawa. Homoni inaingia ndani ya seli, inashikana na protini iitwayo kipokezi, na jeni za kiume zinawashwa. Kipokezi hakiulizi umetumwa na nani. Ukitoshea, umeaminiwa.

Binamu yangu amewahi kufanya kazi hiyo ya kulisha. Nilimwambia anawadanganya samaki, akacheka. "Uongo gani, na samaki hana swali?" Isitoshe, alisema, wanashiba, na kuna watoto wanalipiwa karo hapo. Sina jibu safi. Angalau yeye anajua anayemlisha, anapima dozi, anahesabu siku. Nikamuuliza maji ya bwawa yakibadilishwa yanaenda wapi. Akanionyesha mtaro.

Huo mtaro ndio ulionipeleka kusoma habari za bahari. Zamani meli zilipakwa rangi yenye tributiltini, kemikali ya bati, ili viumbe wasiote chini yake. Kufikia miaka ya 1970, kwenye miamba ya Uingereza walikuwa wakionekana konokono wa kike walioota uume. Wengine njia ya mayai iliziba kabisa, wakafa na mayai ndani. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza sababu: kemikali hiyo inatoshea kwenye kipokezi kiitwacho RXR. Walidunga konokono wengine dutu ya asili inayotoshea hapo hapo, bila bati lolote, na uume ukaota vilevile. Kipokezi hicho ni cha kale sana. Hata Trichoplax, mnyama wa baharini asiye na mdomo wala neva, anacho. Wewe pia unacho.

Sasa, mwenye rangi hakuwa na neno na konokono. Ukimshtaki kwa uongo atakwambia hakukusudia, na ni kweli. Lakini utetezi wa "sikukusudia" tumeuzoea kati ya watu, ambapo anayesikia anaweza kutilia shaka, kuuliza tena, hata kukublock. Seli ya konokono haina hiyo nafasi. Kwake kusikia na kutii ni kitu kimoja, kwa hiyo uangalifu wote unabaki upande wa anayemwaga, hata kama hamjui anayesikia. Marufuku ya dunia nzima dhidi ya rangi hiyo ilianza kutumika Septemba 2008, zaidi ya miaka 30 tangu konokono wale waonekane. Miaka yote hiyo meli ziliendelea kupakwa, na waliozipaka walikuwa watu wa kawaida wenye karo za kulipa, kama binamu.