Chanjo za Watoto na Wajibu wa Kuhakikisha Habari

 

Ndugu zetu Waislamu, wapo wazazi miongoni mwetu wanaokataa watoto wao wasichanjwe chanjo ya surua, kwa kuwa wamesikia kwamba chanjo hiyo huleta usonji, yaani ile hali ya ubongo ambayo mtoto huenda akachelewa kusema au asiseme kabisa, huona uzito kuchanganyika na watu, na huhangaika mazoea yake yakibadilishwa. Hatusemi kwamba wazazi hawa ni wabaya. Wanalolitaka ni usalama wa watoto wao, na mtoto ni amana ambayo mzazi ataulizwa kwayo. Lakini amana hailindwi kwa uvumi. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuipeleleze habari ya mtu asiyeaminika kabla ya kuifuata, kwa kuchelea tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Basi na tuipeleleze habari hii: imetoka wapi, nani aliyeileta, na walioichunguza wameona nini?

Asili yake ni Uingereza. Mwezi wa Februari 1998, tabibu mmoja aitwaye Andrew Wakefield, pamoja na wenziwe, waliandika makala katika jarida la matabibu liitwalo The Lancet. Makala hiyo ilieleza habari za watoto 12 tu. Katika hao, watoto 8 walidaiwa kuwa walianza kubadilika baada ya kupewa chanjo iliyochanganya surua, matumbwitumbwi na rubela. Makala yenyewe ilikiri kuwa haikuthibitisha lolote. Hata hivyo Wakefield alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akashauri chanjo hizo tatu zitenganishwe. Habari ikaenea, na wazazi wengi wakaingiwa na hofu.

Mwaka 2004 mwandishi wa gazeti, Brian Deer, akafichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kwa kazi ya mawakili waliokusudia kuwashitaki watengenezaji wa chanjo hiyo, naye hakulitangaza jambo hilo. Mwaka huo huo waandishi 10 miongoni mwa wenziwe wakaikana tafsiri iliyoiunganisha chanjo na usonji. Mwaka 2010 The Lancet likaifuta makala yote, na baraza linalosimamia matabibu wa Uingereza likaliondoa jina la Wakefield katika daftari la matabibu, baada ya kumwona na makosa makubwa, na udanganyifu ukiwa mmojawapo. Jee, ushahidi wa mtu kama huyu ungekubaliwa mbele ya kadhi?

Mtu atasema: “Huenda mletaji akawa si mwaminifu, na habari yenyewe ikawa kweli.” Neno hilo ni la haki, na ndiyo maana wataalamu hawakutosheka na kumkataa Wakefield, bali waliichunguza habari yenyewe. Nchini Denmark huwekwa kumbukumbu za kila mtoto, chanjo alizopewa na maradhi aliyoyapata. Wataalamu wakawafuatilia watoto 657,461 waliozaliwa tangu 1999 mpaka 2010, na mwaka 2019 wakatoa matokeo yao: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa, wala chanjo haikuzidisha hatari hata kwa watoto ambao ndugu zao wana usonji. Nchini Japani chanjo ile ya mchanganyiko iliachwa mwaka 1993, na hesabu zilizofanywa katika mji wa Yokohama zikaonyesha kwamba usonji uliendelea kuongezeka kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo. Lau chanjo ndiyo iliyokuwa sababu, ilipoondolewa usonji nao ungalipungua.

Mzazi mwingine atauliza: “Mbona mwanangu alikuwa akisema maneno, na baada ya kuchanjwa akanyamaza?” Jawabu yake ni kwamba mzazi huyu hasemi uongo, aliloliona ameliona. Lakini jambo kuja baada ya jambo si dalili kwamba la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Jogoo huwika kisha kukapambazuka, wala si jogoo aliyelileta jua. Mwaka wa pili wa mtoto ndio ambao dalili za usonji huanza kuonekana kwa wazazi wengi, kwa aliyechanjwa na asiyechanjwa, na katika umri huo huo watoto huchanjwa. Wataalamu wamethibitisha kwamba sehemu kubwa ya asili ya usonji ni ya kurithi, na kwamba huanza katika ubongo kabla ya mtoto kuzaliwa.

Uvumi huu haukuishia kwa Waingereza, bali umewafikia ndugu zetu. Katika mji wa Minneapolis, huko Marekani, wanaishi Wasomali wengi, na baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za hapa Kenya. Mwaka 2008 wazazi wa Kisomali walilalamika kwamba watoto wao wengi wana usonji, wakataka waelezwe sababu. Kabla ya kupata jawabu la kuwatosheleza waliletewa uvumi, na Wakefield mwenyewe alikwenda kuzungumza nao. Mwaka 2004, katika kila watoto 100 wa Kisomali wa umri wa miaka miwili katika jimbo hilo la Minnesota, 92 walikuwa wamechanjwa. Ilipofika mwaka 2014 walikuwa 42 tu. Mwaka 2017 surua ikaingia, watu 75 wakaugua, na wengi wao walikuwa watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Tazameni hasara hiyo: walikimbia dhara isiyokuwapo, wakaingia katika dhara iliyopo.

Na surua si ugonjwa wa kudharauliwa. Huenea kwa hewa, huleta kichomi na upofu, na huweza kuuvimbisha ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 iliwaua watu 107,500, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Chanjo nayo huweza kuleta homa na vipele vya siku chache, na kwa nadra degedege la homa. Lakini mwenye akili hupima madhara mawili akachagua lililo dogo. Hapa Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mtoto wa jirani asiyetimiza miezi 9 hutegemea sana kuchanjwa kwa walio karibu naye, na Bwana Mtume (S.A.W.) ametukataza kumdhuru mwenzetu.

Tena uvumi huu umewadhulumu wazazi wa watoto wenye usonji, kwa kuwatwisha dhambi wasiyoitenda. Mama aliyempeleka mwanawe kuchanjwa hakumharibu mwanawe. Asilaumiwe, asisengenywe, wala mtoto asifichwe ndani kwa aibu au kuambiwa kuwa ana jini. Apelekwe kwa wataalamu mapema, kwani kusaidiwa mapema humfaa. Na apewe nafasi yake msikitini, chuoni na katika furaha zetu, kwani naye ni amana kama watoto wengine.

Basi kila atakayeletewa habari hii, na aulize kwanza kama tulivyouliza, asiipitishe kwa mwenziwe kabla ya kuihakikisha. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape subira na msaada wazazi wao, na atujaalie kuifuata haki tukiijua. Amin.