Kwa Kijana Anayekwenda Kuchomelea Magnesiamu

Mwanangu, nimesikia umepata kazi Nairobi, katika karakana ya magari ya zamani ya mashindano. Nimefurahi kwa moyo wote. Hapa kisiwani Takawiri mkono wako umekomaa kwa injini za boti. Magamba ya alumini ya injini hizo yaliyopasuliwa na miamba umeyaziba, na wavuvi wa mbuta na omena wanakuamini. Huko utawekewa mezani kitu chenye rangi ileile ya alumini, lakini tabia yake ni nyingine kabisa: magnesiamu.

Usidhani ni kitu cha mbali nasi. Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na bloku ya injini yake ilisubiwa kwa aloi ya magnesiamu. Porsche 911 nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zina bloku za namna hiyo, na gari za aina hiyo bado zinakula vumbi katika Safari Classic, mashindano yaliyoanza mwaka 2003. Waundaji waliipenda kwa wepesi wake: lita moja ya magnesiamu ina kilo 1.74, ya alumini kilo 2.7. Lakini miaka hamsini ya joto na mtikisiko hupasua, na bloku mpya hazipatikani kirahisi. Ndiyo maana wanakuhitaji.

Kabla ya kuwasha chochote, tambua kilicho mbele yako. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana hadi metali ing'ae, dondoshea siki. Magnesiamu hutoa mapovu papo hapo, alumini hutulia. Usiache jaribio hili eti mteja ana haraka.

Kisha ufa wenyewe. Hapa ndipo ninapokutaka uwe na subira kuliko popote, maana sehemu unayoiona kwa macho mara nyingi ni fupi kuliko ufa ulivyo. Bloku kuukuu imenyonya oili. Isafishe, ipashe joto taratibu hadi oili ichuruzike, uisafishe tena. Paka rangi nyekundu ya kupenya, ifute, pulizia poda nyeupe: mstari mwekundu utakaojitokeza utakuonyesha ufa unaishia wapi. Toboa tundu dogo kila mwisho ili usiendelee kukimbia, halafu chimba mfereji hadi ufikie metali safi. Fundi anayechomelea juu ya ufa bila kuuchimba anamwibia mwenye gari, na sina neno laini la kumwita mtu huyo.

Magnesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, lakini utando wa oksidi juu yake huhitaji zaidi ya 2,800. Kwa hiyo sugua kwa brashi isiyotumika kwa kazi nyingine, kisha chomelea kwa mashine ya TIG ya mkondo geu chini ya gesi ya agoni. Mkondo huo ndio unaouvunja utando. Fimbo ya alumini uliyoizoea iache hapa, kiungo chake kitavunjika. Tafuta ya aloi ya magnesiamu. Ukimaliza, bloku iingie kwenye oveni ilegezwe mkazo, la sivyo itapasuka tena ikiwa imekaa tu. Ikishapoa polepole, vikalio vya beringi vipimwe upya, kwani joto huvipinda.

Sasa moto. Bloku nzito haishiki moto kirahisi, ila vumbi la tupa na vinyoleo huwaka kwa cheche moja. Katika mashindano ya magari ya Le Mans mwaka 1955, Mercedes yenye bodi ya aloi ya magnesiamu ilipowaka, maji yaliyomwagwa yaliuongeza moto, kwa sababu magnesiamu inayoungua hupora oksijeni ya maji na kuacha haidrojeni, ambayo nayo hulipuka. Wewe umezaliwa kisiwani; mkono wako utakimbilia ndoo. Uzuie. Hata mchanga, ukiwa na unyevu kama wa ufuoni kwetu, ni adui. Kinachotakiwa ni unga maalum wa kuzimia moto wa metali, au kwa moto mdogo, mchanga mkavu kabisa uliofunikwa. Vinyoleo vifagie mara kwa mara, na usivichanganye na vumbi la grainda.

Siku ya kwanza, kabla hujauliza mshahara hulipwa tarehe ngapi, uliza unga huo wa kuzimia moto uko wapi. Wakikuonyesha ndoo ya maji, waeleze kwa heshima haya niliyokueleza. Wakikataa kusikia, weka tochi chini uondoke. Nauli ya kurudi nyumbani nitakutumia mimi.