Hasira ya Kazini, Machozi ya Nyumbani



Mwaka 1914 James Joyce wa Ireland alitoa kitabu cha hadithi fupi, Dubliners. Mojawapo, “Counterparts”, yatuhusu sana sisi wenye ndoa.

Farrington ni karani mjini Dublin, baba wa watoto 5. Siku moja anamjibu mkubwa wake kwa ujeuri, kisha analazimika kumwomba radhi. Jioni anaweka saa yake rehani kwa shilingi 6 na kuzimaliza karibu zote kwa pombe. Baa anajisifu kwa lile jibu lake, lakini huko nako kijana mmoja anamshinda nguvu za mkono mara mbili.

Anafika nyumbani amefura. Mkewe yuko kanisani. Mwanawe mdogo yu tayari kumpikia, ila moto umezimika. Baba anashika fimbo na kumchapa. Mtoto, amepiga magoti, anamsihi asimpige, naye atamwombea Salamu Maria. Hadithi inaishia hapo. Hatuambiwi kwamba fimbo iliwekwa chini.

Ndugu zangu, hasira, hasara. Aibu ya kazini Farrington aliipeleka baa, ikarudi kubwa zaidi, ikamwangukia asiye na kosa. Hata hivyo Mungu hakumwacha. Alimgongea kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe. Angaliitupa fimbo na kupiga magoti kando ya mwanawe, nyumba ile ingalipona usiku uleule.

Mke naye asijitoe. Joyce asema kwamba mume akiwa hajalewa, mke ndiye aliyemwonea. Akilewa, zamu iligeuka. Hilo halihalalishi fimbo hata kidogo. Lakini jiulizeni: je, kwenu mtu aweza kusema, “Leo nimeaibishwa,” asichekwe?

Baba, kabla hujafungua mlango, simama kidogo, umkabidhi Mungu mambo ya kazini. Mama, mpe nafasi ya kusema kabla ya kumdai. Na ikiwa tayari umempiga mtoto bure, mwombe msamaha leo, kisha uende kwenye Sakramenti ya Kitubio. Kumwomba mtoto radhi hakupunguzi ubaba.

Usiku huu salini Salamu Maria pamoja na watoto. Wasiisali kwa kuogopa fimbo.