Shehena Iliyotoswa

Watu wa pwani yetu na Wamalai wana neno moja la kumwita mkuu wa chombo. Sisi tunasema nahodha, wao husema nakhoda, na sote tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni bwana wa chombo. Pepo nazo ni ndugu. Pepo za msimu zilizovusha majahazi yetu ndizo zilizowafikisha Wagujarati katika bandari ya Melaka. Huko walikutana na Wachina, wakabadilishana vitambaa, viungo na vyombo vya kauri, huku wakingoja upepo wa kuwarudisha kwao.

Katika enzi ya Sultani Mahmud Shah, aliyetawala Melaka tangu 1488 hadi Wareno walipouteka mji mwaka 1511, desturi za baharini zilikusanywa zikawa sheria. Sheria hizo zilimpa nahodha mamlaka makubwa: akiwa baharini, yeye ni kama mfalme. Lakini chomboni walikuwamo pia wafanyabiashara waliokodi nafasi, kila mmoja na bidhaa zake. Dhoruba ikichacha, ikalazimu shehena kutoswa ili chombo kipungue uzito, mfalme huyo hakuachiwa aamue peke yake. Ilimpasa awaite wote wenye mali, washauriane na wakubaliane kila mmoja atoe kiasi gani. Asipofanya hivyo, lawama ni yake.

Tujiulize, msomaji, kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kinachotoswa si lazima kiwe kibaya. Aghalabu ni kile kilicho karibu na mkono. Aliyesalimika hakusalimika kwa busara yake, bali kwa hasara ya mwenzake. Warumi wa kale nao waliliona jambo hili, wakataka waliosalimika wamfidie aliyepoteza. Na mwaka 2021, baada ya meli ya Ever Given kukwama katika Mfereji wa Suez, wenye meli waliwataka wenye shehena washiriki kubeba gharama za kuikwamua.

Nina sababu ya kuyafikiria haya. Nilipokuwa kijana baba aliugua, na karo ya watoto wawili ikawa haipatikani. Dada yangu alikuwa akinishinda kwa masomo. Hata hivyo yeye ndiye aliyeachishwa shule, mimi nikaendelea. Hakuna aliyemwita akamuuliza. Jioni ile alichana kurasa za madaftari yake ambazo hazijaandikwa, akanipa nizitumie.

Mtu ataniambia kwamba familia si biashara, na ndugu hawawekeani daftari la deni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nimegundua kwamba wengi tunaoisema ni sisi ambao shehena yetu ilifika bandarini. Simlaumu baba kwa dhoruba. Ilikuwa ya kweli, na lazima kitu kingetoswa. Sheria ya Melaka nayo haikusema kutosa ni dhambi. Ilichokataa ni nahodha kutosa mali ya watu pasipo kuwauliza. Na mimi, niliyekuwa chomboni, nilinyamaza miaka mingi nikijiita mwenye bahati.

Namna ya kulipa yote siijui, maana miaka aliyoikosa hairudi. Mwaka jana nilimwendea nikamwambia, "Dada, nafasi niliyosomea ilikuwa yako pia."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilijua ipo siku utakuja, mdogo wangu. Ila umekawia."

Hakulia, wala hakunikumbatia. Alisonga ugali, tukala.

Siku hizi mjukuu wake anapohitaji karo, watu husema namsaidia. Huwa nawasahihisha. Nachangia sehemu yangu ya shehena iliyotoswa.