Ukweli Nao ni Dawa



Mwaka 2016 mjomba wangu, mwenyeji wa Tanga aliyehamia Leicester, alikimbizwa hospitali kwa maumivu makali ya tumbo. Utumbo mdogo ulikuwa umeziba. Madaktari wakampasua, wakakata kipande kilichoziba na kuunga ncha mbili. Baadaye majibu ya maabara yakaja: limfoma, yaani saratani ya zile seli nyeupe zinazoulinda mwili.

Familia ikakaa kikao. Shauri la wengi lilikuwa mzee asiambiwe. "Mwambieni ni kidonda, kimeshakatwa." Nia ilikuwa njema, kwetu, kumtajia mgonjwa saratani ni kama kumchimbia kaburi. Mimi ni mhandisi. Ufa ukionekana kwenye nguzo, wakaazi wa nyumba huambiwa. Lakini mtu si nguzo. Nguzo haikosi usingizi. Nami nikanyamaza.

Aliyeukata ubishi ni daktari. Kisu, alisema, huondoa uvimbe unaoonekana. Seli za limfoma husafiri na damu, hivyo lazima zifuatwe mwili mzima kwa dawa za kemikali: mikupuo sita, kila baada ya siku 21. Dawa hizo hushambulia seli zinazozaliana upesi, mbaya na nzuri. Nywele hunyonyoka, kinga ya mwili hushuka, na homa ya nyuzi 38 huwa dharura. Wala hataanza tiba mgonjwa mwenyewe asiporidhia.

Hapo nikajiuliza: mtu asiyejua anatibiwa nini, atajuaje homa ya kuogopa?

Nikamwendea. Sikumtwisha yote kwa mpigo. Nilimwuliza, "Mjomba, ungependa kujua kiasi gani?" Akanitazama kitambo. "Yote. Tumbo ni langu."

Siku ya kumi baada ya mkupuo wa kwanza, usiku, homa ikampanda. Zamani angemeza Panadol akalala. Safari hii alimwamsha mwanawe: "Nipeleke hospitali, sasa hivi." Akatundikiwa dripu ya antibaiotiki, homa ikashuka, na mikupuo yote sita akaimaliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani wanamsema mgonjwa tu. Kumbe na sisi jamaa tumo, tunaomficha mtu maradhi yake mwenyewe. Yuko mgonjwa atakayesema hataki kujua, na huyo naye aheshimiwe. Lakini aseme yeye. Tusimsemee sisi, kisha tukauita woga wetu huruma.